Vidonge vya Kuazima

Sikatai mashine. Niliseme hilo mapema, maana kila nikianza kusimulia habari hii kuna mtu ananikatiza, eti wewe mama ni wa zamani, hutaki maendeleo. Maendeleo nayataka kuliko yeye. Ni mimi niliyekuwa napekua maboksi kwenye stoo ya hospitali yetu hapa Tukuyu, nikitafuta dawa ambazo karatasi ilisema zipo na panya walijua hazipo. Mfumo wa kompyuta ulipoletwa famasi, nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Lakini ngoja nieleze tulivyokuwa tukiishi kabla yake. Huku Rungwe watu hupeana. Mtu wa Isongole analeta viazi, anaondoka na mkungu wa ndizi, na hakuna anayepima. Sisi wa famasi tulifanya vivyo hivyo. Kituo cha afya cha Kyimo walikuwa wakipata vidonge vya kifafa vingi kuliko walivyohitaji, wakati vyetu havikutosha hata wiki. Sisi tulikuwa na glovu na maji ya dripu ya ziada, wao hawana. Basi ilikuwa simu tu. "Shoga, nimeishiwa." "Tuma bodaboda." Kopo la vidonge linafika, na glovu zinarudi na pikipiki hiyohiyo. Mwishowe hata kuagiza vidonge hivyo tuliacha. Tuagize vya nini, na Kyimo wapo? Tukaenda hivyo miaka na miaka, na kila Alhamisi, siku ya kliniki ya kifafa, hakuna mgonjwa aliyerudi nyumbani mikono mitupu.

Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa mdogo wangu wa kike, tumbo moja. Aliishi Nkunga na mama yetu, akishona nguo kwa cherehani barazani. Utotoni alikuwa anaanguka ovyo, mama akawa anamfuata kila aendako, hata chooni. Tangu aanze vidonge hakuanguka tena. Mama akaanza kulala usingizi wa kweli. Akaanza hata kwenda kwaya! Mtu ambaye hajaishi na kifafa nyumbani hawezi kujua hiyo ni raha ya namna gani.

Haya. Mfumo ukaja, na agizo likaja nao: marufuku kuazimana. Kila kidonge kitoke kwa jina la mgonjwa aliyesajiliwa kwenye kituo hicho, la sivyo hesabu ya kwenye skrini na ya kwenye rafu zitagombana, na mwenye stoo atajieleza. Sababu niliielewa, maana wezi wa dawa wapo na wengine nawajua kwa sura. Mgawo wa kwanza ukafika. Nikafungua boksi moja moja. Dawa za presha zipo. Za malaria zipo. Dripu tele. Vidonge vya kifafa, hata kimoja cha kuonja hakuna.

Nikampigia kijana wa mkoani aliyetufundisha ule mfumo. Kijana mpole, ana adabu, sina ugomvi naye. Akaangalia kwenye kompyuta yake, akasema, "Mama, mfumo unagawa kwa kuangalia matumizi ya nyuma. Ninyi dawa hiyo hamtumii."

"Hatutumii? Hao wanaojaza benchi langu kila Alhamisi nimekuwa nikiwapa nini, karanga?"

"Mmekuwa mkiwapa za Kyimo, mama. Hayo yanasomeka ni matumizi ya Kyimo. Ninyi anzeni kuingiza ya kwenu, taratibu mfumo utawaona."

"Nitaingizaje matumizi ya kitu nisichonacho?"

Akaniambia niweke ombi la dharura. Nikaweka. Likaandikwa: linasubiri kuidhinishwa. Kila asubuhi, kabla sijavua koti, nilikuwa nalifungua. Linasubiri. Mvua ikinyesha, na huku kwetu ni lini hainyeshi, mtandao unakatika, hata huko kusubiri kwenyewe sikuoni.

Nikampigia mwenzangu wa Kyimo. Mara ya kwanza hakupokea. Alipopokea, alisema kwa sauti ya chini, "Shoga, ninavyo. Hapa nilipokaa naviona. Lakini nikikupa nitajieleza kwa nani? Nina watoto mimi." Nilikata simu bila kuaga. Nilijua hana kosa, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Ukikosa hata mtu wa kumlaumu, hasira inakula moyo wako mwenyewe.

Njia iliyobaki ilikuwa kumhamishia mdogo wangu Kyimo, asajiliwe upya kule, na barua ya kumhamisha huandikwa na daktari wa kliniki ya kifafa. Daktari hayupo. Yuko wapi? Yuko kwenye mafunzo ya mfumo. Nilicheka, loo, nilicheka mpaka muuguzi aliyekuwa karibu akaniuliza kama nimepatwa na habari njema.

Nikatuma mtu Mbeya mjini azunguke maduka ya dawa. Akarudi na vidonge vichache sana. Maduka mengi hayaviweki, maana ni dawa inayolindwa kisheria, haiuzwi ovyo. Mdogo wangu akaanza kuvikata nusu nusu ili vifike mbali. Nikamkataza. Akacheka, akasema, "Dada, nusu si bora kuliko hakuna?" Mimi mtu wa famasi, maisha yangu yote nimefundisha watu namna ya kumeza dawa, nikamwacha aendelee kukata.

Siku hizohizo wakaja wageni kutoka juu. Tulifagia hadi nyuma ya makabati. Mganga mfawidhi, yaani mkubwa wa hospitali yetu, akawasimamisha mbele ya skrini kubwa, na skrini nzima ilikuwa kijani, kwa maana kwamba dawa zote zipo. Wakapiga makofi. Wakatupiga picha. Mmoja wao, baba mmoja mwenye tai, akasema kwa furaha kabisa kwamba tumekuwa mfano.

Nikashindwa kuvumilia. "Mheshimiwa, vidonge vya kifafa hatuna."

Akaangalia skrini. "Mbona havimo kwenye dawa zilizoisha?"

"Haviwezi kuisha, mheshimiwa. Kwenye mfumo havijawahi kuwepo."

"Basi hapo hakuna upungufu," akasema, tena kwa upole, kama mtu anayenitoa wasiwasi. Mganga mfawidhi akanikazia macho. Wakaingia kunywa chai.

Daktari akarudi Ijumaa jioni, na siwezi kumsema vibaya, aliisaini ile barua akiwa bado na begi begani. Kyimo hawasajili wikiendi. Tukapanga Jumatatu nimpeleke mwenyewe.

Jumapili mama alitangulia kanisani. Alishazoea kumwacha, miaka mingi alikuwa anamwacha bila tatizo lolote. Mdogo wangu alibaki jikoni akikoroga uji, na hapo ndipo kifafa kilipomrudia. Aliangukia mafigani, mkono wa kulia ukawa ndani ya moto, na alikaa hivyo mpaka jirani aliposikia harufu.

Nilikuwa zamu. Nilimwona akipitishwa dirishani kwangu kwenye machela, kichwa kinaning'inia, nikamtambua kwa gauni, maana alilishona mwenyewe. Baadaye mama akaja dirishani na cheti cha daktari: mafuta ya kupaka waliounguzwa na moto, bandeji, dawa ya maumivu. Nikaingiza jina la mdogo wangu. Siku hiyo mtandao ulikuwa safi, haukusitasita. Mafuta ya moto yapo. Bandeji zipo. Nikamsogezea mama kila kitu.

Akavipokea kwa mikono yote miwili, akapiga magoti kidogo, mama yangu mzazi, kwangu mimi. "Ndaga fijo, mwanangu," akashukuru kwa Kinyakyusa. "Afadhali leo dawa ipo."

Niliingia stoo, nikafunga mlango, nikalia kati ya maboksi ya dripu.

Mdogo wangu yupo hai. Sasa anachukua vidonge vyake Kyimo, na haanguki. Ila vidole vya mkono ule vilipona vikiwa vimeshikana, mkasi hauingii, na cherehani mama ameifunika kwa kitenge. Watu wanamwambia ashukuru Mungu. Yeye anaitikia, kisha anauficha mkono ndani ya khanga.

Mgawo uliofuata ukafika. Nilifungua boksi moja moja nikitafuta vidonge vya kifafa, maana Alhamisi ilikuwa inakuja na wapo wagonjwa ambao si ndugu wa mtu yeyote wa famasi. Havikuwemo. Lakini boksi la mwisho lilikuwa limejaa mafuta ya moto, mengi kuliko tuliyowahi kuletewa. Mfumo ulikuwa umeona matumizi yamepanda.