Mwenye Glovu na Ngazi za Mama

Ukoo wetu umejaliwa vigimbi. Ukituona kwa nyuma utadhani ni wacheza mpira, kumbe ni watu wa ngazi tu. Kwetu hakuna anayepanda lifti. Mama alitulea na hadithi ya Mwenye Glovu, kiumbe asiye na uso anayekaa ndani ya lifti, glovu nyeupe hadi viwikoni. Mlango ukifunguka anauliza, "Mkono wako rangi gani?" Ukiwa mweusi kama sisi, unafungiwa na hutoki tena. Tulikuwa tunajikojolea, kisha tunaomba arudie.

Dada yangu, tunayemwita Nati, alikwenda kusomea ufundi wa lifti. "Nataka nimwone kwa macho," alisema. Miaka ishirini na mbili sasa anabadilisha breki na kukagua kamba za chuma, na alichokikuta mle ni grisi na mswaki mmoja. Lakini hofu haijamtoka: lifti anaitengeneza akiwa juu ya paa lake, akimaliza anashuka kwa ngazi. Mafundi wenzake wanamcheka hadi machozi. Yeye anawalipiza wakati wa chakula cha mchana, anafungua daftari na kuwasomea hadithi za kutisha alizozitunga mwenyewe, zote za Mwenye Glovu. Utalisikia jitu zima na spana yake mkononi, "Basi, Nati, inatosha!"

Mwezi uliopita binti wa Nati alijifungua kwa upasuaji, ghorofa ya saba ya hospitali. Mama ana miaka sabini na nane, na magoti yake siku hizi yanagomea hata kizingiti. Tukamwambia asubiri, mtoto ataletwa nyumbani.

"Kitukuu wangu wa kwanza niletewe kama kifurushi? Twendeni!"

Pale hospitali aliupita mlango wa lifti bila kuutazama, akashika reli ya ngazi. Ghorofa ya kwanza alitutania tunavyohema. Ya pili akahema yeye. Baada ya ya tatu, kabla hatujafika ya nne, akaketi kwenye ngazi.

"Mama, twende kwa lifti," Nati alisema. "Breki zake nimezifunga mwenyewe."

"Palikuwa kama hapa," Mama akajibu. "Alipofia mjomba wenu."

Tukatazamana. Sisi hatukuwa na mjomba.

"Alikuwa na miaka minne, mimi tisa. Homa ilimshika, na daktari alikuwa ghorofa ya sita. Lifti ya jengo lile ilikuwa ya wazungu. Aliyeiendesha alivaa glovu, akatuonyesha ngazi kwa kidole. Bibi yenu akambeba mgongoni, mimi nyuma nimemshika mguu. Hapa nikausikia umelegea." Akapangusa pua kwa mtandio. "Sikumwambia bibi yenu. Nilimwacha apande naye mpaka juu."

"Mbona hukutuambia, Mama?" nikauliza.

"Niwaambie nini? Yule alikuwa mtu tu, ana kofia na masharubu. Nikaona bora muogope jini."

Nililia, na sioni haya kusema. Nati alilia kwa sauti hadi mgonjwa mmoja akachungulia kutoka wodini.

"Haya, mmenililia vya kutosha," Mama akasema. "Niinueni. Kile kitoto kitaota mvi hakijaniona!"

Tulimkokota hadi ghorofa ya nne, akaelekea mwenyewe kwenye mlango wa lifti. Nati, fundi mzima, akabonyeza kitufe kisha akarudi nyuma hatua moja. Mlango ukafunguka. Ndani hamkuwa na mtu. Mama akaingia, akajibana kwenye kona. Tukamfuata.

"Usifunge kwanza," akamwambia Nati. "Mdogo wangu hajaingia."

Sikujua nicheke au nikimbie. Nati aliuzuia mlango kwa bega, akatazama kule kwenye ngazi, akangoja mpaka Mama aliposema, "Tayari."

Ghorofa ya sita lifti ikasimama. Nesi mmoja alikuwa nje na faili zake kifuani.

"Mna nafasi?"

"Samahani, dada," Nati akasema. "Tumejaa."

Nesi akatuhesabu. Tulikuwa watatu kwenye lifti ya watu wanane. Akamwangalia Mama, aliyeinamisha mkono kando yake kama aliyemshika mtoto, akasema atangoja nyingine.