Dereva wa Waonja Mvinyo

Merrin, anayemimina mvinyo kwenye shamba la mizabibu nje kidogo ya Adelaide, humtambua dereva wa basi dogo kwa honi zake mbili fupi. Wageni anaowaleta kutoka mjini hukimbilia glasi. Yeye hukimbilia mbwa. Kila shamba analopita lina mbwa wake, na mfuko wa shati lake lililopigwa pasi hutuna biskuti. Mvinyo haonji. Huinusa glasi, hufumba macho, kisha huirudisha. "Ondoa majaribu hayo, dada."

Leo Digger, mbwa kipofu wa pale, hakuinuka aliposikia honi. Merrin akaacha kumimina. Dereva akalala kifudifudi vumbini, akamnong'oneza, akamwekea biskuti mdomoni. Wapi!

"Dereva, tunachelewa shamba lijalo!" akaita mmoja wa wageni, bibi harusi mtarajiwa aliyekuja na marafiki kuuaga usichana, shela kichwani.

"Mizabibu haina miguu, bibie. Hebu nyamaza nisikie."

Wote wakanyamaza. Ndipo ikasikika: kru, kru, kru, Digger akitafuna biskuti. Dereva akacheka huku bado amelala. Bibi harusi akavua viatu, akajilaza upande wa pili wa mbwa.

"Nipe na mimi nimlishe."

"Moja tu," dereva akasema, akipapasa mfuko. "Asije akazoea vya bure kama nyinyi."