Kadi Iliyosema Subiri

Niliwasomea watu kadi kwa muda usiotimia miaka miwili, na zenyewe nilizipata kwa bahati mbaya. Mteja wangu mmoja, aliyekuwa akienda China kuleta nywele za bandia, alirudi na kiboksi cha zambarau akanipa zawadi, akidhani ni karata za kuchezea. Nilipofungua nikakuta picha tupu: mfalme kashika kikombe, mnara unaungua, mtu kaning'inizwa kwa mguu mmoja, kichwa chini. Tulicheka sana pale saluni. Msusi mwenzangu akasema hizo ni za majini, nikamwambia majini wa China hawajui Kiswahili, atulie.

Lakini mimi ni mtu wa kuchokonoa. Katikati ya wiki saluni za Kahama hupoa, wateja wanasubiri mwisho wa mwezi, na mikono isiyosuka inatafuta balaa. Nilikaa na simu, nikaitafuta maana ya kadi moja baada ya nyingine, nikaiandika kwenye daftari kwa Kiswahili changu. Ziko sabini na nane. Nilizisoma kwa bidii ambayo walimu wangu hawakuwahi kuiona. Mama yangu alipojua, alinikumbusha kwamba marehemu baba hakuwahi kupitwa na adhana, na sasa bintiye anapiga ramli kwenye viti vya kusukia.

Nilimjibu kwamba sipigi ramli. Neno hilo mkoani kwetu lina damu; vikongwe wameuawa kwa sababu mtu fulani kaketi kwenye jamvi akamtaja jirani. Kwa hiyo nilijiwekea sheria moja: sitaji mtu. Aliyetaka kujua nani kamroga nilimwambia akasukwe kwingine. Niliwasomea wenye uamuzi wa kufanya tu. Aolewe na yupi, auze kiwanja au ajenge, aache duka aende Rwamgasa kukaangia wachimbaji chapati. Mtu anachanganya kadi mwenyewe, anachagua tatu, nami nafungua daftari.

Mwanzoni nilisoma daftari neno kwa neno, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Baadaye nikagundua kwamba wengi wanakuja na jibu mfukoni, wanatafuta tu mtu wa kuwatolea. Binti mmoja mwenye wachumba wawili alimtaja wa kwanza kwa jina, na wa pili akamtaja kwa kazi yake. Kadi zikasema hivi na vile, nami nikamchagulia yule mwenye jina. Alinikumbatia mpaka akaniangushia chanuo. Nikajiona nimeiva, na mtu akishajiona ameiva huwa hasikii tena.

Mkabala na saluni yangu palikuwa na kibanda cha mchele cha mama mmoja aliyenizidi miaka kama kumi na miwili. Sokoni walimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, lakini mimi nilimwita dada, naye akaniita mdogo wangu. Alikuwa na nywele nyingi, nzito, zinazochosha vidole. Kila wiki ya tatu alikuja kusuka, na mumewe akikaribia kurudi nilimchora hina mikononi. Mume alichimba dhahabu Nyarugusu. Alikuja mwisho wa mwezi, akakaa siku nne tano, akarudi machimboni. Hatukuhitaji kuambiwa kwamba anakuja. Tuliiona mikono ya mkewe ikipima mchele.

Mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimekolea, duara lao lilibomoka. Hilo ni shimo lenyewe la kuchimbia, linashuka wima kama kisima. Chini walikuwa tisa. Sita walitolewa, watatu hawakutoka, na mumewe alikuwa mmoja wa hao watatu. Wenzake walifukua siku nane, hadi kuta zikaanza kuporomoka tena na maji kujaa, ikaamuliwa waache mpaka ardhi ikauke.

Aliyeleta habari ni mchimbaji mwenzake, Msukuma mmoja mrefu, aliyesimama mlangoni kwa dada ameshika viatu mkononi. Nilikuwapo, nilikuwa nimekwenda kuchukua mchele wangu. Wachimbaji wale wana mwiko: hawasemi fulani amekufa mpaka mwili wake utoke. Wanaamini ukilitamka neno hilo mapema umemfungia huko chini, na duara halitamrudisha hata mfupa. Basi yule kaka alimwita mama kwa Kisukuma chao, akasema, "Mayu, hajatoka bado." Dada akamwuliza hajatoka maana yake nini. Akarudia vilevile, macho chini, akaondoka bila kunywa maji aliyopewa.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyelisema. Walikuja majirani, wakasema Mungu mkubwa. Walikuja wenzake wa sokoni na kisa cha mtu aliyekaa chini ya kifusi wiki nzima akila mkanda wake, akatoka mzima. Mimi nilisema yuko mikononi mwa Mola, sentensi ambayo mtu akiichunguza haina kitu ndani. Shemeji yake, kaka wa mume, alifika kutoka Tabora. Hata yeye hakulitamka. Alichosema ni kwamba ukoo unaona ingekuwa vyema shemeji aingie eda.

Eda ndiyo ilikuwa namna yake ya kusema. Mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, bila hina, bila manukato, bila kujipamba, na kibanda cha mchele kinafungwa. Kuingia eda ni kukiri kwamba mume hayupo. Kutoingia ni kubaki mke wa mtu, na kama mtu huyo amekwisha kufa, ni kumvunjia heshima mbele ya watu wake. Walikwenda kwa shehe. Shehe, mtu mpole na mwoga wa kukosea, akasema hakuna mwili na hakuna aliyesema amemwona akifa, kwa hiyo hawezi kumlazimisha. Kama moyo wake umeyakinika, akae. Kama haujayakinika, asubiri. Wakamrudishia mzigo mwenyewe.

Siku ya pili yake, mchana, alivuka barabara akaja saluni. Msusi mwenzangu alikuwa amekwenda kula. Dada hakukaa kwenye kiti cha kusukia, alikaa kwenye kigoda changu, akaniambia nitoe zile karata. Hakuwahi kuniuliza habari zake hata mara moja. Alikuwa akinicheka na kuniita bibi mganga. Nilitandika kitambaa.

"Niingie eda au nisiingie?" akauliza.

Nilimwambia achanganye, achague tatu. Alichanganya vibaya, nyingine zikaanguka sakafuni kwenye nywele. Akachomoa moja, akasema moja inatosha. Nikaigeuza. Alikuwa yule mtu aliyening'inizwa kwa mguu, kichwa chini, kamba imemshika kifundoni.

Nitasema nilichokiona, maana nimechoka kukificha. Niliiona kamba, nikaona kamba ya duara, nikamwona mumewe anashuka. Moyoni nikajua, kama ninavyojua jina langu, kwamba mtu yule amekufa, na kwamba mwanamke aliyekaa mbele yangu anajua hivyo pia. Halafu nikafungua daftari. Kwa mwandiko wangu mwenyewe palikuwa pameandikwa: kusubiri, kutulia, kutofanya uamuzi kwa sasa. Nilishukuru kama mtu aliyefunguliwa mlango wakati anafukuzwa.

"Dada, inasema subiri."

Aliinama kuitazama kadi. "Subiri tu?"

"Subiri."

Akasema haya, akajitanda mtandio wake, akarudi kwenye mchele. Mimi nikabaki najipongeza kwamba nimempa mtu tumaini.

Na kweli alisubiri. Alisubiri kama watu wengine wanavyolima. Alipika chakula cha mtu mmoja zaidi, alizifua nguo za mume zilizokuwa safi, na kila wiki ya tatu alikuja kwangu. Mwisho wa mwezi alinyoosha mikono nimchore hina. Alisema mumewe akirudi asimkute amechakaa. Watu walianza kunong'ona. Shemeji yake aliposikia habari za hina alikata mguu, na wifi zake wakasema kwenye simu, ili asikie, kwamba kuna wanawake wanaosherehekea. Mimi niligombana na nusu ya soko kwa ajili yake. Nilimsuka mitindo ambayo sikuwahi kumsuka kabla, nikampaka mafuta ya waridi, nikamsifia kwenye kioo. Nakiri nilifurahia kazi hiyo. Nilikuwa naipamba subira niliyoitoa mimi.

Mwezi wa nane ardhi ilikauka, wakalifungua duara. Waliwakuta wote watatu pamoja. Mumewe walimtambua kwa mkanda na kwa jino la pembeni. Simu ilikuja asubuhi, na ilisema wazi kwamba maiti hazisafiriki. Kesho yake tulipanda basi la Geita, mimi, yeye na shemeji aliyekuja usiku uleule, na tulipofika tukakuta wamekwisha kuswali na kuzika. Kilichobaki ni tuta la udongo mwekundu na wachimbaji waliosimama mbali kidogo. Safari hii wao walisema amekufa, mmoja baada ya mwingine, wakampa mkono. Dada aliitikia kila mmoja. Hakulia, na tulipokuwa njiani kurudi alinunua ndizi akatugawia.

Nyumbani shehe alikuja kumpa pole. Dada alikuwa amekwisha kuvaa kaniki, ameondoa kioo ukutani, ametandika mkeka chumbani. Alimwuliza shehe eda yake aihesabu kuanzia siku ya simu au siku ya kaburi. Shehe akakohoa. Akasema eda haihesabiwi tangu siku mtu anapopata habari, inahesabiwa tangu siku ya kifo. Wale sita waliotoka, sasa mwiko umewaachia, wameshuhudia kwamba kifusi kiliwafunika wenzao palepale, siku ile ile ya mwezi wa tatu. Miezi minne na siku kumi imekwisha kupita. "Huna eda ya kukaa, mama," alisema. "Yako imeshapita." Alisema kwa upole, akidhani anamtua mzigo.

"Imepita nikiwa wapi?" dada akauliza.

Shehe akamtajia tena tarehe. Jibu nilikuwa nalo mimi. Ilipita akiwa kwenye kiti changu. Nilimsuka mjane ndani ya eda yake, nikamchora hina mara nne, nikampaka waridi, nikamwambia amependeza.

Baada ya siku tatu alikuja saluni asubuhi, kabla hatujafagia. Aliniambia nimfumue. Nilimwuliza kama nimsuke tena, akasema hapana, afumuliwe tu. Msusi mwenzangu alituangalia, akachukua ndoo akaenda bombani. Nilianza nyuma, kwenye kisogo. Zilikuwa rasta ndogondogo, kazi ya saa tano niliyoifanya kwa majivuno wiki mbili kabla, na kila moja niliyoifungua nilitamani nimwombe radhi. Sikujua nianzie wapi. Nikasema kadi ndiyo iliyosema asubiri.

"Kadi sikuiuliza mimi," alisema. "Nilikuuliza wewe."

Nikafungua rasta nyingine. Akaendelea taratibu, kichwa amekiinamisha ili nifikie vizuri. Alisema siku ile alikuja kwangu kwa kuwa sikuwa ndugu wala mchimbaji wala shehe. Wachimbaji mwiko uliwafunga, ndugu aibu iliwafunga, shehe kitabu kilimfunga. Akafikiri, yule msusi na makaratasi yake atanisemea, hana cha kupoteza. Alitaka mtu mmoja tu atamke, ili aingie ndani, afunge mlango, amlilie mumewe siku zake zote kama wanawake wenzake. "Uliniambia nisubiri. Sasa nikianza kulia watu watauliza nalia nini. Muda umeisha."

Nilitaka kusema nisamehe. Neno lilikuwa dogo mno, na yeye hakuwa ameliomba.

"Sema basi," akaniambia. "Hata sasa. Sema wewe."

Niliweka chanuo chini. Nikapiga magoti mbele yake kwenye sakafu ambayo haijafagiwa, nikaishika mikono yake, hina yangu bado iko kwenye kucha zake.

"Dada, mumeo amekufa."

"Lini?"

"Mwezi wa tatu. Siku ile ile."

Aliitikia kwa kichwa mara mbili, kama mteja aliyesikia bei aliyoitarajia. Kisha akalia, kwa sauti, mlango uko wazi na soko linafunguliwa, na watu waliokuwa wanapita na magunia wakasimama kutazama. Nilinyanyuka nikafunga mlango. Nusu ya kichwa chake ilikuwa bado imesukwa, nikarudi nyuma ya kiti nikaendelea kufumua.