Mlango Ambao Sikuuhesabu

Nilipoajiriwa kuwa sentineli, yaani mlinzi, kule Mubi, kwenye depo ya tajiri mmoja wa Butembo, tulifundishwa kuvamia nyumba kama askari. Nacheka nikikumbuka. Tulikuwa watu wazima saba, kila mmoja na kirungu na filimbi yake. Mwalimu wetu, askari mstaafu mwenye goti bovu, alitandika kamba chini kwenye kiwanja cha malori, akatuambia hizo ndizo kuta. Wapakiaji walikaa juu ya mifuko ya mchele wakitutazama tunavyonyemelea hewa, wakatuuliza kama tumekwisha kumkamata mwizi.

Lakini mimi niliyapenda mafunzo yale, sitaki kudanganya. Shuleni sikuwahi kuwa wa kwanza. Pale nilikuwa wa kwanza. Mlangoni hapasimamwi, kwa sababu anayesimama mlangoni anaonwa na kila aliye ndani, naye bado hajaona mtu. Kona inaangaliwa kidogo kidogo, hatua kwa hatua, mpaka chumba kiishe. Bega halisuguliwi ukutani, maana risasi hupenda kuufuata ukuta. Mlango uliofungwa hauachwi nyuma kabla haujafunguliwa. Na kabla ya yote anatafutwa mtu anayeijua nyumba, anaulizwa ina milango mingapi.

Kulikuwa na sheria moja zaidi, ya yule anayebaki nje. Huyo hafungui kinywa. Wenzake wakiwa ndani, sauti yake inawageuza kichwa, na kichwa kikigeuka kidole kinafyatua risasi. Mwalimu aliirudia hiyo kila asubuhi mpaka ikatuchosha.

Vita vilipokata barabara, depo ikafungwa, nikarudi kwetu Masisi kwa mama. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki, akituachia ng'ombe wachache na nyumba ya kutengenezea fromaji, yaani jibini. Ilikuwa na chumba cha maziwa, chumba cha chumvi, chumba cha kukaushia, na stoo mwishoni. Magari ya kwenda Goma yalikuwa hayapandi tena, kwa hiyo fromaji zilijaa kwenye mbao mpaka stoo. Mama alizigeuza kila siku vilevile. Alisema maziwa hayajui vita.

Askari walikuja saa tatu asubuhi, jua limekwisha kuwaka. Huku kwetu mtu haulizi askari ni wa nani, anasalimu tu. Walikuwa kumi hivi, na walikuwa wamesikia kwamba maadui zao walilala kwetu. Mkubwa wao alisimama kiwanjani, akaonyesha nyumba ya fromaji, akauliza nani anaijua.

Ningeweza kukaa kimya. Jirani zangu wawili walikuwapo, nao wakatazama vidole vya miguu yao. Mimi nikatoka mbele. Nikamwambia nilikuwa sentineli, nimefundishwa, naweza kumweleza nyumba yote.

"Kuko milango ngapi?"

"Kuko ine, Komanda. Ya kwanza inafungukia ndani. Ya tatu iko nzito, inakwama chini. Ya ine njo ya stoo."

"Na nani iko ndani?"

"Hakuna muntu."

"Iko muzuri, Papa. Ungekuwaka askari."

Niseme ukweli: nilifurahi. Watu wameshika bunduki kiwanjani kwetu, na mimi nimefurahi kusifiwa. Wakaniweka kando ya zizi, mikono kichwani, na askari mmoja wa kunilinda, mtu mzima wa umri wangu. Wengine wakajipanga mlangoni, mkono wa huyu begani kwa yule. Wakaingia. Hata dakika ile nilikuwa nawapa alama moyoni, huyu kaingia vizuri, yule kachelewa kuondoka mlangoni.

Nyuma ya nyumba nguruwe walikuwa wanapiga kelele tangu asubuhi. Ghafla wakanyamaza.

Nguruwe wa kwetu hawanyamazi bure. Wananyamaza mama akiwamwagia yale maji ya maziwa yanayobaki fromaji ikishaganda. Na mama akimaliza kumwaga hazunguki nyumba, kwa sababu ya matope. Chini kabisa ya ukuta wa stoo kuna tundu la kupitishia ndoo, limezibwa kwa ubao. Mama ni mdogo wa mwili. Anauondoa ubao, anapiga magoti, anaingia. Amefanya hivyo tangu sijazaliwa. Sisi wanaume hatukupita pale, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuliita mlango. Nilipoulizwa nani yuko ndani, hakuwamo. Nilipoulizwa milango, nilihesabu milango.

"RAS!" akasema mmoja ndani. Ndivyo wanavyosema chumba kikiwa hakina kitu. Walikuwa wamemaliza chumba cha maziwa.

Nikafungua kinywa, nikakifunga. Nikiwaita askari, wote watageuka na vidole vyao. Nikimwita mama, atakuja mbio, maana sijawahi kumwita akakawia. Niligeuza jambo hilo huku na huku na kila upande niliona amekufa. Nikamnong'oneza yule wa kunilinda.

"Kaka, kuko tundu ingine. Mu stoo. Mama yangu njo anaingiliaka pale."

Alinitazama. Najua alielewa, kwa sababu macho yake yalikwenda kwenye nyumba na kinywa chake kikafunguka kama changu. Lakini hakikutoka kitu. Naye alikuwa amefundishwa na mtu. Tukabaki vile, wanaume wawili wenye ndimi zetu, tukisikiliza.

"RAS!" Chumba cha chumvi. Mlango wa tatu ukakwama chini, kama nilivyowaambia, wakausukuma kwa bega. "RAS!" Sikuwa na maneno ya kumwomba Mungu. Nilisema tu moyoni, Mama, kaa na nguruwe, kaa na nguruwe.

Bunduki ikalia mara moja.

Sijui nilifanya nini. Jirani wanasema nilikaa chini kama mtoto. Baada ya muda mama akatokea mlangoni, mikono juu, maji ya maziwa yakimtiririka kutoka kifuani mpaka miguuni, na nyuma yake askari, bunduki yake ikielekea chini. Alikuwa ametanguliza ndoo ndani, bado ina mabaki ya maji ya maziwa, kama afanyavyo siku zote, na askari alipoona ubao unasogea akapiga. Risasi ilitoboa ndoo ikaingia ukutani, kiganja kimoja kutoka kichwani kwake.

Mkubwa wao akanijia akanizaba kofi.

"Ulisema ine! We njo sentineli gani?"

Kofi lile sikulilalamikia. Angeongeza, ningeshukuru. Wakaondoka na fromaji walizoweza kubeba, na yule aliyekuwa akinilinda hakunitazama tena.

Siku ya tatu tulikuwa tunageuza fromaji, yeye upande huu wa ubao, mimi upande ule.

"Ulijuwa kama niko naingia?"

"Nilijuwa, Mama."

"Na haukuniita."

Nikamweleza. Nikamweleza habari za kichwa na kidole, na kwa nini anayebaki nje hanyanyui sauti, na kwamba hata yule askari alinyamaza. Nilisema sana, kama mwanafunzi anayeogopa kushindwa mtihani. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku akipangusa fromaji kwa kitambaa chenye chumvi. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Sawa," akasema. "Mwenye kuingia balimufundisha. Mwenye kubakia inje balimufundisha. Na ule mwenye iko mu nyumba, yeye balimuambia afanye nini?"

Nikageuza fromaji niliyokuwa nayo mkononi. Hilo hatukufundishwa.