Laptopu Iliyoishinda ya Ndugu Yangu

Sikukuu ya Pasaka ndugu yangu mdogo alikuja nyumbani Kianjokoma na laptopu ya gemu, na mama akahamisha redio.

Ile redio ilikuwa ya marehemu mzee wetu. Ilikaa juu ya kabati la sebuleni tangu nipate akili, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na hakuna aliyeigusa isipokuwa wakati wa matangazo ya vifo. Mama aliibeba kwa mikono miwili akaiweka juu ya friji. Akapangusa pale palipobaki kwa upindo wa leso yake, akasema, "Baba, weka chombo chako hapa kisije kikamwagikiwa na chai."

Huyo baba ni ndugu yangu. Kwetu majina hayaokotwi njiani. Mvulana wa pili hupewa jina la babake mama, na ndugu yangu ndiye wa pili. Yule wa kwanza yuko mbali kikazi na haingii katika maneno haya. Basi mama akimtazama anamwona babake mzazi, na amemwita baba tangu akiwa wa kunyonya. "Baba, umekula?" "Baba, vaa sweta, kuna ukungu." Mimi ni msichana wa kwanza, kwa hivyo nilipewa jina la nyanya mzaa baba, yaani mama mkwe wa mama. Na hao wawili, Mungu amrehemu nyanya, hawakuiva chungu kimoja. Nikivunja hata kikombe mama alisema, "Haya, mama mkwe ameingia." Alisema akicheka. Mimi sikucheka.

Basi laptopu ikafunguliwa, taa nyekundu zikawaka chini ya vitufe, na mama akapiga makofi. Kabla ya chakula aliiombea. Nakwambia aliweka mkono juu ya mfuniko wake akamshukuru Mungu kwa ajili ya kijana wake na kazi ya mikono yake, wakati kila mtu pale sebuleni alijua kwamba hiyo ni mashine ya kuchezea mpira. Jioni nikamwona ameketi na uzi na sindano ya kufumia. Mwezi haukuisha kabla ndugu yangu hajatuma picha: kitambaa cheupe chenye maua ya bluu pembeni, kimefumwa kwa kipimo cha laptopu yake.

Roho iliniuma. Sitafuti neno zuri zaidi. Iliniuma usiku na mchana, kwa sababu gemu yenyewe ni mimi niliyemfundisha. Ni mimi niliyempeleka kwenye kibanda cha gemu pale sokoni tukiwa wadogo, ni mimi niliyemwonyesha jinsi ya kushika padi ya kuchezea. Kila Krismasi tunacheza, nami humfunga ninavyotaka. Lakini mama, ambaye hajui hata timu zinashambulia upande gani, huketi katikati yetu na kushangilia upande mmoja tu. "Chenga, baba! Chenga!" Mimi nikifunga bao anauliza kama chai imepoa.

Nikasema, na mimi nitanunua yangu. Itaishinda ya huyu kila mahali. Krismasi ikifika nitaiweka pale kwenye kabati, nimcheze mbele ya mama, na siku hiyo, angalau siku hiyo moja, ashangilie upande wangu.

Kisingizio nilikuwa nacho. Ninafanya kazi Embu mjini, katika duka la uchapishaji, na mimi ndiye ninayetengeneza kadi za harusi na vitabu vidogo vya mazishi. Mashine ya nguvu ingenifaa. Mwenzangu wa kazini, mwanamke mwenye maneno machache anayezijua kompyuta vizuri, aliniuliza, "Unanunua ya kazi ama ya gemu?" Nikamwambia ya kazi. Akaniangalia tu.

Duka lililomuuzia ndugu yangu liko Meru. Ndugu yangu naye anauza vifaa vya simu karibu na soko la Gakoromone, kwa hivyo siku niliyopanda kwenda huko nilipita pembeni mwa soko nimejitanda leso kichwani, nikijificha nyuma ya magunia ya viazi kama mtu anayedaiwa. Nikaingia dukani nikamwambia muuzaji, "Kuna kijana mrefu ulimuuzia laptopu ya gemu kabla ya Pasaka. Nionyeshe inayoishinda."

"Inayoishinda kwa nini?"

"Kwa kila kitu."

Yule kijana alikuwa na subira, na leo ninakubali kwamba alinishauri vizuri. Aliniuliza ninacheza gemu gani. Nikasema mpira. Akasema basi ile ya huyo kijana inatosha na kubaki. Akanieleza kwamba vya kuangalia siku ya kununua ni skrini na kadi ya michoro, ile inayochora picha za gemu, kwa sababu hiyo ikishatoka kiwandani imetoka, huwezi kuibadilisha. RAM, yaani kumbukumbu inayotumika kazi ikiendelea, na SSD, yaani mahali pa kuweka vitu, hivyo utaongeza baadaye ukihisi haja. "Usilipie leo kitu utakachoongeza kesho," akasema.

"Ya kijana iko na RAM ngapi?"

"Kumi na sita."

"Weka thelathini na mbili."

Akacheka, akaniwekea. Halafu tukafika kwenye umbo. Ya ndugu yangu ni nene na nzito, ukiibeba kwenye mkoba bega linalia. Nikaiona moja nyembamba, nyeusi, inang'aa. Muuzaji akatikisa kichwa. Akasema hizi nyembamba hushika joto haraka, hewa inaingilia chini na kutokea nyuma, kwa hivyo huwekwa mahali pakavu, pagumu, pasafi. Nilikuwa nikimsikia kwa sikio moja. La pili lilikuwa Kianjokoma, linasikiliza mama akisema, "Haiya, hii ni nyembamba kuliko ya baba!"

Mwezi wa nane nikaipeleka nyumbani. Mama alikuwa ametoka kuchuma majani chai, bado amefunga gunia kiunoni. Nikaifungua mezani. Akainama, akaitazama, akasema, "Ni nzuri. Umekula?" Kisha akaenda kukamua ng'ombe.

Basi. Hakuna redio iliyohamishwa. Hakuna maombi. Nilirudi Embu nimenuna mpaka kondakta akaniuliza kama nimefiwa. Kumwomba kitambaa? Ng'o! Mtu hawezi kuomba kitu kama hicho. Ukishakiomba kinakuwa kama chumvi ya kwa jirani.

Wiki kadhaa baadaye nikapigiwa simu nikachukue mzigo wangu stendi. Nikafungua ile karatasi pale pale, nimesimama katikati ya watu. Kitambaa! Cheupe, na ukingo wa rangi ya damu ya mzee, uzi mzito, na chini yake mama alikuwa ameshonea bitana ili kisiteleze mezani. Nikapima kwa shubiri. Nikaitafuta ile picha ya ndugu yangu kwenye simu, nikailinganisha na yangu. Changu kilikuwa kikubwa zaidi. Nilicheka peke yangu mpaka mama muuza ndizi akasogeza kapu lake.

Tangu siku hiyo laptopu yangu haikugusa tena meza ya nyumba ninayopanga Embu. Nilikitandika kitambaa, nikaiweka juu yake, na kwa kuwa kilikuwa kirefu, nikaupandisha upande wa nyuma ukaifunika mgongo kidogo, kama unavyomfunika mtoto. Nikapiga picha nikamtumia ndugu yangu. Akajibu kwa kidole gumba.

Ndipo mashine ikaanza vituko. Ninaanza mechi vizuri, kufika kipindi cha pili wachezaji wanatembea kama wanaovuka tope. Feni inalia kama posho mill inayosaga mahindi. Kazini, haki ya Mungu, ilikuwa haina neno. Ninaifungulia pale juu ya meza ya mbao inakimbia siku nzima. Nyumbani jioni inalegea. Nikasema ni stima ya ploti yetu, nikanunua kifaa cha kutuliza umeme. Wapi! Nikasema ni RAM, nikaongeza tena juu ya ile iliyozidi. Hakuna tofauti, hata chembe. Nikabadilisha SSD nikaweka kubwa na ya kasi. Gemu ikawa inafunguka upesi kuliko zamani, halafu inalegea pale pale ilipokuwa ikilegea. Mwenzangu wa kazini akaniambia, "Usiongeze kitu kabla hujajua kinachokuumiza ni nini." Nikanunua stendi yenye feni za kupoza. Nikaiweka mezani, nikatandika kitambaa juu yake, nikaweka laptopu juu ya kitambaa.

Mnacheka. Chekeni tu. Lakini niambieni ni nyumba gani kwetu utaingia ukute kitu cha maana kimekaa uchi. Televisheni ina kitambaa, viti vina vitambaa, hata thermos ina kofia yake. Haikunijia akilini hata mara moja kwamba kitambaa cha mama kinaweza kuwa kosa.

Krismasi ikafika. Tulitoka kanisani, tukala mukimo na kuku, na ndugu yangu akasema, "Dada, leo tucheze kwa yako. Nasikia imekula kila kitu dukani." Nikaitandikia kitambaa pale juu ya kabati, taratibu, mama akiona. Nikaupandisha ule upande wa nyuma. Mama akavuta kiti chake katikati yetu.

Kipindi cha kwanza nilimfunga. Mama akauliza kama kuna mtu anataka soda. Nikaiambia roho yangu, tulia, bado. Kipindi cha pili ndugu yangu akasawazisha na mama akaruka kitini, "Hiyo ndiyo baba!" Kisha nikapata mpira peke yangu mbele ya lango, kipa ametoka, na picha ikaganda. Mshambuliaji wangu akabaki mguu hewani. Feni ikapiga kelele, skrini ikawa nyeusi.

Nikalipuka. Nikasema huyo muuzaji ni mwizi, stima ya Kianjokoma ni ya kulaaniwa, na kama ingekuwa ya baba isingezima. Nilisema hivyo kwa sauti, kwa Kiembu, mbele ya mama.

Ndugu yangu alisogea. Aliingiza kiganja chini ya laptopu akakitoa haraka. "Ai! Dada, hii inaungua. Umeiziba pumzi na kitambaa."

"Na yako haina kitambaa?"

"Changu ni cha kufunikia vumbi nikishaifunga. Ikiwa imewaka siwezi kuweka kitu chini."

Nikahisi machozi yanakuja na nikakasirika zaidi kwa sababu yanakuja. Vitu vyote nilivyonunua na kuongeza tangu mwezi wa nane, na kilichokuwa kinaiua ni kile kitu kimoja nilichokipenda. Mama akasimama, akaichomoa laptopu kutoka kwenye kitambaa, akaiweka juu ya mbao tupu. Akakikunja kitambaa mara mbili, akaketi nacho mapajani.

"Kumbe hivi," akasema. "Ningejua singeweka bitana."

"Si kosa lako, mama."

"Ile ya huyu alinipa kipimo mwenyewe. Alinisumbua Pasaka yote, mama nifumie, mama nifumie, na rangi akachagua. Yako nilimpigia yule mwenzako wa kazini akanipimia ukiwa umetoka." Alikuwa anakinyoosha ukingo kwa kidole gumba, haniangalii. "Wewe hukuniomba. Nilitaka tu kukufumia."

Nikaitazama ile bitana.

Ndugu yangu ndiye aliyesema. Alikuwa amelaza padi juu ya goti, na uso wake ulikuwa umebadilika, mdomo umetokeza mbele kidogo. "Kwa hivyo mimi ilibidi niombe," akasema.

"Si uliomba, baba?"

"Niliomba kwa sababu sikuona ukileta."

Mama akacheka akidhani ni utani. Mimi nilijua si utani. Hiyo sauti nimekaa nayo ndani ya kifua changu maisha yangu yote, naijua hata ikinong'ona. Mashine ikawaka tena, imepoa, mechi ikarudi mwanzo. Ningeweza kumwambia kitu pale, neno moja la dada kwa ndugu yake. Sikumwambia. Sitadanganya, nilifurahi. Yeye bado alikuwa anamtazama mama, padi iko gotini, nami nikaupeleka mpira polepole mpaka langoni mwake nikamfunga.