Aliyelala Kwenye Maegesho

Mlinzi wa maghorofa yetu hapa Likombe amefariki. Tulimzika juzi, wasomaji wangu, na niliporudi nilikaa kwenye kiti chake cha plastiki, kile chenye mguu uliofungwa waya, maana sikujua niende wapi. Yeye Mngoni, mimi Myao, tu watani. Miaka yote ile hatukusalimiana bila kutukanana. Makaburini desturi ilinitaka nizuie jeneza, niigize alivyokuwa akichechemea, watu wacheke. Nilisimama, nikashindwa kuchechemea. Mjane wake akanipa koti la mumewe, nikakaa.

Nitasema jambo la aibu, maana shule sikusoma sana na kuficha sikufundishwa. Asubuhi moja nilikuta pikapu yangu imezibwa na gari la mwalimu wa ghorofa ya pili. Mke wangu yumo ndani, presha imempanda, nampeleka hospitali. Mwalimu akashuka ngazi taratibu, anapiga mswaki. Mswaki ule ndio ulionitia wazimu. Nikachukua spana ya magurudumu, na nilikuwa nimeshaiinua, walahi, mlinzi alipotandika koti lake katikati yetu akalala chali, mikono kifuani, macho kafumba.

"Myao," akasema, "nizike mimi kwanza. Lakini kaburi mnajua kuchimba, au mnajua pilau tu?"

Mwalimu akacheka mpaka povu likamwagikia shati. Nami nikacheka, spana ikashuka. Mwalimu akasogeza gari, mke wangu tukamwahisha. Yu hai mpaka leo, na mwalimu pia.

Siku hizi kila aliyepata kazi bandarini au kwenye gesi kule Madimba ana gari, na uwanja ni uleule. Kamati imefunga kamera mbili. Sizikatai, zinaona vizuri. Jana vijana wawili waligombea nafasi moja, mmoja akaokota jiwe, kamera zinamtazama tu. Basi nikatandika lile koti, nikalala, magoti yanalia. Utani wetu hawaujui, walidhani nimeanguka.

"Babu, umeumia wapi?"

Jiwe likawekwa chini, maana mzee hainuliwi kwa mkono mmoja. Hapo ndipo nilipomwelewa rafiki yangu: mwenye hasira usimnyang'anye jiwe, mpe mtu wa kubeba. Walinishika huku na huku wakaniketisha kwenye kiti cha mguu wa waya. Nikawaambia sijaumia popote. Niliwadanganya.