Listi Niliyoisoma kwa Kichwa

Municheke, nimestahili. Nilisoma madarasa mbili tu, lakini jina likiingia katika kichwa changu halitoke tena, na kwa ile nilikuwa ninajivuna sana.

Vita ilipotufukuza katika kambi ya waaskari, listi ya jamaa zao ilipotea. Tuliporudi Goma, ofisa wa kugawa muchele akaniita mbele ya wanawake wote.

“Mama muzee, wanasema unajua kila mutu. Utaje, mimi niandike. Jamaa moja, jetoni moja ya kupokelea muchele.”

Nikataja nyumba kwa nyumba, wanawake wakinishangilia. Nikafika kwa mutoto wangu Kasereka, aliyekufa vitani mwezi uliopita.

“Muke wake Kavira, watoto Masika na Paluku.” Sifa zilinilevya, sikusimama. “Na kule Vitshumbi, muke wake Furaha, mutoto Mumbere.”

Vigelegele vikakatika. Ofisa akainua kalamu.

“Mama muzee, sasa jetoni ya marehemu nimupe nani?”

Kavira alikuwa amesimama kando yangu na nguo zake za matanga. Hakumutazama ofisa. Alinitazama mimi.

“Mama, kila siku tunakula sahani moja. Kumbe ulijua?”